Wadada mnaoendesha pikipiki alfajiri na baridi hili la kipupwe, mnavaa nini?

bibishamba_kasulu

Habari zenu wapendwa, hasa wadada na wamama mnaoendesha wenyewe. Mi ni bibi shamba huku Kasulu, naendesha hizi pikipiki tulizogawiwa maafisa ugani 2022, na vijiji vyangu vipo upande wa Buhigwe kwenda Manyovu. Mtu wa Kigoma mjini akikwambia Kigoma hakuna baridi muache tu, yeye yupo ziwani kule mita mia saba na kitu, sisi huku tupo milimani. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, nikifika kijijini vidole vimekufa ganzi, siku moja nimeshindwa kufungua zipu ya mkoba wakulima wananiangalia ikabidi mama mmoja anifungulie. Hiyo nilicheka. Ila juzi ng'ombe wamekatiza ghafla nikakamata breki ya mkono, akili imeshakamata vidole bado, hapo sikucheka.

Jaketi ni la mume wangu, linanipwaya mabegani afu upepo unaingilia chini mpaka mgongoni. Glavu nilinunua za kiume, ncha za vidole zinabaki tupu zinajikunja kwenye klachi. Bajeti yangu laki na nusu. Nianze na nini? Na yale majaketi ya kike ya pikipiki ya Ulaya yenye pedi za viwikoni (msicheke, ni pedi zingine) yana maana au urembo tu? Navaa ushungi pia.

boxa_mwanga

Pole dada. Sisi huku stendi jaketi tunalivaa mbele nyuma, zipu mgongoni, upepo haupati pa kupita kifuani. Afu tafuta fundi viatu akushonee mifuko ya turubai unaivalisha kwenye usukani, mikono inaingia humo ndani breki na klachi zote humo. Mi toka nimeifunga hiyo mifuko, glavu sijui hata zilipo

nesi_sikonge

Mwangaluka wote. Nipo Tabora, nafanya kliniki za mkoba vijijini na pikipiki mwaka wa sita huu, kwaiyo nasema nilichopitia.

Kaka wa Mwanga usimdanganye mwenzio, jaketi la kugeuza zuri kwa abiria na kwa mwendo wa mjini, ila ukivaa mwenyewe huwezi kufunga zipu mpaka umpate mtu, na ukifika kazini umpate mwingine akuvue. Mifuko ya usukani hapo sawa kabisa, ila hakikisha mkono unatoka haraka, jaribu kwanza pikipiki imesimama.

Shida yako mdogo wangu ni upepo. Alfajiri ya mwezi wa saba huku inaweza kuwa nyuzi 15 hivi, umesimama nje na sweta unapiga stori vizuri tu, sasa panda uende 60 kwa saa uone. Ule upepo unafagia joto lote mwili unalolitengeneza, na sweta la kufuma lina matundu, hata uvae matatu unapita. Nguo ya juu kabisa lazima iwe ya kuzuia upepo, hata reinkoti nyepesi ya elfu kumi inatosha, chini yake ndo uvae sweta la manyoya au la sufu. Kinachogusa ngozi kisiwe flana ya pamba, ukitoka jasho kwenye kilima inalowa afu kwenye mteremko unaganda. Siku niliyosahau yote nilipanga magazeti kifuani ndani ya jaketi, nilikuwa natoa sauti kama chipsi zinafungwa lakini nilifika nina joto.

Na vidole usivilaumu peke yake. Kifua kikipoa mwili unabana mishipa ya mikononi na miguuni ili damu ibaki ndani kwenye moyo na maini, kwaiyo unaweza ukanunua glavu za laki na bado ukaganda kama tumbo na shingo vipo wazi. Shingo ziba na skafu iliyoshonwa duara, isiwe na ncha ya kuning'inia ikaenda kwenye cheni.

Lingine ambalo wanaume hawatakwambia, baridi inaleta mkojo. Reinkoti nunua vipande viwili, ile ya kuvaa mwili mzima kama ovaroli ukifika porini imekubana utajuta, unavua mpaka mabegani umechuchumaa kwenye umande. Yamenikuta.

mitumba_na_cherehani

Nauza mitumba na nashona, acha niongezee hapo kwenye saizi maana wadada wengi ndo tunaangukia.

Jaketi la kiume kwetu linakuwa hivi, ukichagua linalotosha nyonga linapwaya mabega na kifua, ukichagua la mabega halifungi nyonga. Na hizo pedi zina kazi kweli, zinapunguza kishindo ukianguka, ila mkono ukipwaya pedi inazunguka, siku ya kudondoka iko kwenye misuli kiwiko kipo wazi. Ukijaribu usisimame tu kama unapiga picha, kaa mkao wa kuendesha nyoosha mikono mbele. Mkono wa jaketi bado ufunike kifundo, mgongo usitokee kiunoni, pedi ikae pale pale kwenye kiwiko.

La Ulaya la ukweli lina kitambulisho ndani kimeandikwa EN 17092 na herufi A, AA au AAA, A zikizidi ndo linavumilia zaidi kuburuzwa kwenye lami. Pedi zenyewe zinaandikwa EN 1621. Jipya kwa laki na nusu hulipati dada, nisikudanganye. Ila kwenye mabelo yanakuja majaketi ya kike ya kuchezea kwenye theluji, watu wanayaruka kwa sababu ni mazito. Hayo yana kisketi cha ndani chenye lastiki kinabana kiunoni, ule upepo wa mgongoni unaisha siku hiyo hiyo. Ubaya wake ni poliesta laini, ukiburuzika linayeyuka, kwaiyo siyo kinga ya ajali, ni ya baridi tu. Mi nishawashonea watu mifuko ya pedi viwikoni na turubai ngumu juu yake.

Ushungi vaa kile kininja chepesi, bila pini, na nywele usizifunge fundo kisogoni maana linainua helmeti, suka zilale. Helmeti usinunue mtumba hata kwangu, huwezi jua ilishagongwa au la.

bibishamba_kasulu

Jamani asanteni, nimesoma mara mbili. Kumbe kifua ndo kinaua vidole! Nafikiri nianze na jaketi la theluji na glavu za saizi yangu, mifuko ya turubai nitamwona fundi. Swali la mwisho, kioo cha helmeti kinajaa mvuke nikivaa skafu mpaka puani, nafanyaje? Nikikifungua machozi yanatoka.

nesi_sikonge

Skafu iishie chini ya pua. Kwenye kioo paka tone la sabuni ya vyombo kwa ndani, kausha na kitambaa laini mpaka usiione, inakaa siku kadhaa. Na acha kioo wazi upana wa kidole.

boxa_mwanga

Dada hilo jaketi la mumeo likibaki bila kazi nina mtu hapa anaganda

bibishamba_kasulu

😂 Mwenyewe kashaliona kwenye msumari asubuhi hii kalivaa, eti alilimisi.