Msiniambie tena "weka robots.txt"! Maroboti yananimaliza

Jamani, leo naandika kwa hasira, mtanisamehe.

Mie nauza leso Barabara ya Biashara, Mombasa. Tovuti ya duka iko kwenye kompyuta yangu mwenyewe, chini ya kaunta, nginx (programu ya kuwapa watu kurasa) na PHP basi. Leso nilizo nazo hazifiki mia nne. Ijumaa usiku pekee seva imeombwa kurasa zaidi ya elfu themanini! Kisa chenyewe nimekiona ndani ya access.log, daftari la seva la kila ombi: mteja aweza kuchagua kwa rangi, bei na jina, basi roboti, hizi programu zinazozunguka mtandaoni zikisoma tovuti za watu, hufungua kila mchanganyiko. Nyekundu za bei ya chini. Nyekundu za bei ya chini zilizopangwa kwa herufi. Hizo hizo, ukurasa wa pili. Leso moja imetazamwa mara mia mbili na hakuna aliyenunua hata pindo.

Nilipolia hapa mara ya kwanza mkaniambia weka robots.txt, faili la kuwaambia roboti wasiingie wapi. Hilo ni ombi tu tangu 1994, na hata lilipoandikwa rasmi mwaka 2022, kwenye hati ya kanuni za mtandao RFC 9309, lasema lenyewe kwamba si ruhusa wala kizuizi. Ni yale maandishi ya "Usikojoe hapa" kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Na ukuta mwauona ulivyo.

Nikazuia kwa jina, nginx ikawa yawakatia kwa 444 bila jibu. Wenye adabu ya kujitaja wakaisha. Waliobaki wakarudi wakijiita Chrome, na mmoja akajiita Googlebot, roboti wa Google. Kuitafuta anwani yake ya IP kinyumenyume, kutoka namba kwenda jina, yaishia kwa wakodishaji seva! fail2ban nayo, ile ya kufungia anwani inayoomba kupita kiasi, haikufua dafu, maana kila anwani huomba mara moja au mbili, kisha yaja nyingine.

Basi nikafunga masafa mazima ya anwani, na hapo nimejikata mwenyewe. Kampuni za simu huweka wateja chungu nzima nyuma ya anwani moja. Siku mbili watu wapata 403, yaani "huruhusiwi", mie nimekaa najisifu seva imetulia. Nimejua pale shangazi aliponipigia kutoka Likoni: "Mwanangu, duka umefunga na hukuniambia?" Msimu wa harusi huu, wallahi!

Sasa nimeviondoa viungo vyote vya kuchagua rangi, nimeweka fomu ya POST, ambayo chaguo la mteja haliingii kwenye linki. Seva yapumua. Lakini kina mama walikuwa wakitumiana linki ya "nyekundu zote" kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kushonesha sare, na linki hiyo haipo tena. Nimewaharibia watu kwa sababu ya mashine.

Mwenye kutumia Anubis, ile inayokipa kivinjari hesabu kabla ya kufungua ukurasa: simu za bei rahisi huiweza, au wateja watakaa wakingoja? Nijibuni hilo tu. Wa robots.txt, uzi huu si wenu.