Tupeane uzoefu: kuzaa tunda la Roho, tunaanzia wapi?

Jumuiya_Veyula: Bwana asifiwe wapendwa. Dodoma hii zabibu tunaziona kila siku, ila Yohana 15, Yesu anapojiita mzabibu na sisi matawi, tunaisoma juu juu. Mnaolea waumini, tupeni hatua. Mahubiri tumeshasikia.

Mpogoaji: Asifiwe sana. Mzabibu hubeba vishada kwenye chipukizi jipya, linalotoka kwenye tawi la msimu uliopita. Ndiyo maana baada ya kuvuna, mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anapogoa, anaacha macho (vifundo vya kuchipua) mawili au matatu kwa tawi, kisha anangoja kama miezi minne. Asiyepogoa anavuna majani: shamba linajifunga, hewa haipiti, ukungu unaingia. Na angalieni mstari wa 2: linalosafishwa ni tawi linalozaa, siyo bovu.

Kwa hiyo andika shughuli zako zote za wiki: kwaya, kamati ya ujenzi, mkesha, vikao. Bakiza mbili. Wengi wanakosea hapa, wanaanza kukata maombi ya asubuhi kwa sababu hayo hayana mtu wa kuita mahudhurio.

Mzee_wa_Usharika: Msichanganye karama, yaani kipawa cha Roho, na tunda, yaani tabia. Samsoni alijiliwa na Roho kwa nguvu, kiasi, yaani kujizuia, hakuwa nacho. Wagalatia 5:22-23 inataja mambo tisa, na mengi huwezi kuyafanyia mazoezi ukiwa peke yako chumbani. Uvumilivu unahitaji mtu wa kukuudhi. Pimia nyumbani. Jumamosi jioni muulize mwenzi wako, au mtoto aliyekua, swali moja tu: "Wiki hii nimemkaripia nani bila sababu?" Akijibu, nyamaza. Ukijitetea, Jumamosi ijayo utaambiwa "hakuna", na kipimo kimekufa.

Mama_Kikoba: Shikamoo mzee. Uaminifu nao upimwe kwa hela. Umesema marejesho ya mkopo wa kikoba Ijumaa, yawe Ijumaa. Ukiona hayatatimia, mpigie mweka hazina Alhamisi, useme kiasi ulichonacho na siku ya kumalizia. Kuzima simu halafu Jumapili kuongoza sifa, hapana jamani.

Jumuiya_Veyula: Na muda? Mwongofu mpya tumtarajie azae tunda lini?

Mzee_wa_Usharika: Marahaba mama. Muda mnaubana mno. Walawi 19:23-25, mti wa matunda hauliwi miaka mitatu, wa nne ni wa Bwana, wa tano ndipo mnakula. Mtini wa Luka 13 uliongezwa mwaka, lakini pamoja na kupaliliwa na kutiwa samadi. Sisi tunaongeza mwaka bila samadi, halafu tunalaumu mti. Aliyeokoka Pasaka, Krismasi keshakuwa mwalimu wa watoto, wakati 1 Timotheo 3:6 inakataza uangalizi kwa aliyeongoka karibuni.

Mpogoaji: Naunga mkono. Mpeni kwanza kupanga viti na kufagia, na mtu mmoja, siyo kamati, wa kusoma naye Injili ya Marko sura moja kwa wiki. Sura ni 16, miezi minne inatosha. Akikosa wiki mbili mfululizo, aendewe nyumbani. Meseji ya kundi haitoshi.