Naombeni ushauri: hoteli yasema tumedukuliwa, nami natakiwa nitie sahihi taarifa

KaraniWaCasuarina:
Assalaam alaikum. Mimi ni karani wa hesabu katika hoteli moja ya ufukweni hapa Malindi, ambayo jina lake nitalihifadhi kwa kuwa ndiyo inayonilisha. Kikundi cha wageni wa Kiitaliano waliokuwa wameweka nafasi kwa ajili ya Krismasi walituma malipo yao ya awali, zaidi ya shilingi laki saba, katika akaunti ya ng'ambo ambayo si yetu, baada ya kupokea barua pepe iliyowaarifu kwamba hoteli imebadilisha benki. Mwenye hoteli alimleta mtaalamu kutoka Mombasa, naye baada ya kukaa ofisini tangu adhuhuri hadi alasiri alitangaza kwamba tumedukuliwa na watu walioko Urusi. Ameshauri inunuliwe programu ya kupiga picha skrini za wafanyakazi wote kila baada ya dakika chache, na sisi wa ofisini tumetakiwa kutia sahihi taarifa ya tukio. Je, udukuzi wa namna hiyo waweza kutambuliwa kwa mchana mmoja? Na je, programu hiyo itatukinga kweli?

FundiWaBarani:
Wa alaykum salaam, ndugu. Nimetengeneza kompyuta za maofisi ya mji huu kwa muda mrefu, na kila nisikiapo neno Urusi likitajwa kabla ya barua yenyewe kukaguliwa, huwa nauliza maswali. Mwezi wa Novemba 2011, huko Marekani, pampu ya maji iliharibika karibu na mji wa Springfield, jimbo la Illinois. Ripoti ikatoka kwamba wadukuzi wa Urusi wameingia katika mitambo, na habari ikaenea duniani. Wachunguzi wa FBI walipofuatilia hawakupata ushahidi wa udukuzi wowote: aliyeingia katika mfumo kutoka Urusi alikuwa mkandarasi wa mtambo huohuo, aliyekuwa huko likizoni na familia yake miezi kadhaa kabla ya pampu kuharibika. Mahali anapoonekana mtu kwenye mtandao si lazima pawe mahali alipo, wala kuonekana kwake si kosa.

Kwa hiyo nijibu mambo mawili. Anwani ya mtumaji ilikuwa ileile ya hoteli, herufi kwa herufi? Na barua hiyo ilikuwa na mazungumzo yenu ya awali na wageni, au ilikuja peke yake?

MamaShella:
Mwanangu, mimi linaloniumiza ni hilo la kupigwa picha skrini. Pale nilipokuwa nikifanya kazi, walileta mashine ya alama za vidole kwa hoja kwamba itakomesha uchelewaji. Wanawake wa jikoni, ambao vidole vyao vimeliwa na maji na sabuni, mashine ikawakataa kila asubuhi na mishahara yao ikakatwa, ilhali walikuwa wamefika kabla ya sisi sote. Meneja alituambia kwamba mashine haisemi uongo, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mashine haisemi chochote ila yale iliyofundishwa kuyapokea. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na mwajiri hawezi kukusanya habari za mtu apendavyo bila kumweleza anakusanya nini na kwa sababu gani. Waulize picha hizo zitakaa wapi, na nani atazitazama.

KaraniWaCasuarina:
Mama shikamoo, na ahsante. Ndugu Fundi, nimeitazama tena barua waliyoturudishia wageni. Anwani inafanana na yetu, lakini penye herufi m wameweka r na n zilizobanana, na kwenye simu tofauti haionekani kabisa. Chini yake yapo mazungumzo yetu yote ya wiki mbili, pamoja na majina ya watoto na vyumba walivyochagua.

FundiWaBarani:
Hapo pana mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Ile anwani ya bandia haihitaji udukuzi wowote, kwani mtu yeyote aweza kununua jina la mtandao linalofanana na lenu kwa fedha kidogo. Lakini mazungumzo ya wiki mbili hayakujileta. Kuna mtu aliyekuwa akilisoma sanduku lenu la barua pepe, na njia ya kawaida ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: mfanyakazi hupokea ujumbe unaomtaka athibitishe akaunti, huandika nywila katika ukurasa wa uongo, na mwizi huingia kwa ufunguo halali, bila kuvunja chochote. Akishaingia huweka amri ndani ya sanduku, ili kila barua yenye maneno fulani impelekee nakala. Hata mkibadilisha nywila, amri ile yaweza kuendelea kufanya kazi.

Programu ya kupiga picha skrini haizuii lolote kati ya hayo. Inaongeza tu ghala jipya la siri za wageni wenu, na ghala hilo nalo litahitaji mlinzi.

MwalimuNgomeni:
Kijana wangu, ninaheshimu maelezo ya Fundi, lakini kasoro kubwa naiona katika tabia zetu. Fedha za mtu hazibadilishiwi akaunti kwa barua bila sauti ya binadamu kusikika, na wageni wale walipaswa kufundishwa hivyo tangu siku ya kuweka nafasi. Vilevile tumezoea kuita udukuzi kila kitu kinachoharibika. Mwezi wa Julai 2024, ndege zilipokwama viwanja vingi duniani na kompyuta zipatazo milioni 8.5 kuzimika, watu wengi hapa waliapa kwamba ni vita vya mtandaoni, kumbe kampuni ya usalama, CrowdStrike, ilikuwa imetuma sasisho lenye kasoro.

Nikuulize jambo moja. Umeandika mara mbili na hujatuambia taarifa unayotakiwa kuitia sahihi inasema nini.

KaraniWaCasuarina:
Nilikuwa sitaki kulileta hapa, lakini kwa kuwa nimeulizwa nitasema. Taarifa ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza unaeleza fedha zilivyopotea. Ukurasa wa pili unasema kwamba shambulio lilipitia kompyuta yenye anwani 192.168.1.14, na kwamba kompyuta hiyo ni ya kijana wa mapokezi, ambaye anadaiwa kushirikiana na watu wa nje. Kijana huyo ameshaambiwa akae nyumbani. Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuutia sahihi. Wa pili bado.

Naomba msinihukumu haraka. Nilichotia sahihi ni kweli tupu. Mwenye hoteli ni jamaa ya mama yangu, alinipa kazi wakati ambapo hoteli nyingi zilikuwa zimefungwa, na msimu ukiharibika sote tutakosa. Amesema pia kwamba kazi za mapokezi nitazisimamia mimi kwa muda.

FundiWaBarani:
Basi hilo ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza wa uzi huu.

Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba. Zimo katika maelfu ya ofisi, hoteli na nyumba kwa wakati mmoja, na hazionekani nje ya jengo. Rauta, kile kifaa kinachogawa intaneti ofisini, huzigawa yenyewe: ni kama kiti cha matatu, aliyekikalia asubuhi siye lazima atakayekikalia jioni. Stima ikikatika ikarudi, .14 yaweza kupewa simu ya mgeni aliye kando ya bwawa. Kusema kwamba anwani hiyo ni ya kijana fulani, bila kumbukumbu za rauta za siku na saa ya tukio, ni kusema kitu kisichothibitika. Na rauta nyingi ndogo hazihifadhi kumbukumbu hizo zaidi ya muda mfupi. Pengine zilikuwa zimeshafutika kabla mtaalamu hajavuka daraja la Nyali.

WakiliMstaafu:
Nitazungumza kwa kifupi juu ya sheria. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ushahidi wa kielektroniki unaopelekwa mahakamani huhitaji cheti kwa mujibu wa kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, chenye kueleza ulivyotolewa na kwa mtambo gani. Na kama mwajiri wako anaamini kweli kwamba ameshambuliwa, sheria ya 2018 ya uhalifu wa mtandaoni inamtaka aripoti kwa kamati ya kitaifa ndani ya saa 24, na Kamishna wa Data huarifiwa ndani ya saa 72 pale habari za watu zinapovuja kwa namna inayoweza kuwadhuru. Muulize ameripoti wapi.

KaraniWaCasuarina:
Hajaripoti popote. Anasema ataripoti taarifa ikishakamilika. Lakini, mabwana, mtaalamu ana vyeti, na alituonyesha ramani ya dunia kwenye skrini yake yenye mistari myekundu ikitoka Urusi na kuanguka Kenya. Sote tuliiona. Mimi nitampingaje mtu wa namna hiyo, nami kazi yangu ni kujumlisha na kutoa?

BintiMambrui:
Kaka, ramani hizo zipo wazi kwenye intaneti, na kampuni za usalama huziweka ili kutangaza biashara zao. Yeyote aweza kuzifungua. Mistari ile haihusiani na kompyuta za hoteli yenu hata kidogo.

Mdadisi_K:
Nimesoma tangu juu, na nina shaka na kisa chote. Mara shambulio limetoka Urusi, mara limetoka mapokezi. Karani asiyejua kompyuta anakumbuka 192.168.1.14 bila kukosea tarakimu, na siri kubwa inatolewa pale hasa uzi ulipoanza kupoa. Nionavyo, huyu ama ndiye kijana mwenyewe wa mapokezi anayetafuta utetezi, ama ni mtu anayetunga kisa ili atupime. Watu wanatoa muda wao hapa. Kama ni kweli, afungue mipangilio ya sanduku la hoteli, sehemu ya amri za kupeleka nakala, atuambie anakuta nini neno kwa neno.

MamaShella:
Si haki kumshuku mtu kwa kuwa anajua kunakili nambari. Karani wa hesabu asipokumbuka tarakimu atakumbuka nini?

MwalimuNgomeni:
Shaka ni haki yake, Bi Shella, na jaribio alilolitoa ni zuri. Ila mgongano wa Urusi na mapokezi ni wa mtaalamu, si wa karani. Tusimtwike asiyoyasema.

KaraniWaCasuarina:
Mimi si kijana wa mapokezi, na nimeumia kuambiwa hivyo, lakini nimelitii jaribio. Sanduku lile tunalitumia watu wanne kwa nywila moja, na mipangilio yake sikuwahi kuifungua. Leo meneja msaidizi alikaa nami tukaifungua pamoja. Tumekuta amri moja ambayo hakuna kati yetu anayeitambua. Inasema kwamba barua yoyote yenye neno bonifico, acconto au IBAN ipelekwe nakala kwa anwani ya nje, iwekewe alama ya kuwa imesomwa, kisha ihamishiwe katika folda ya RSS.

FundiWaBarani:
Hilo halitungwi na mtu asiyelijua. Bonifico ni neno la Waitaliano la kuhamisha fedha benki, acconto ni malipo ya awali, na IBAN ni nambari ya kimataifa ya akaunti ya benki, kwa hiyo aliyeandika amri hiyo alisoma barua zenu kwanza akajua wageni wenu ni kina nani. Folda ya RSS, ile ya kupokelea habari mpya za tovuti, hupendwa na wezi hawa kwa sababu karibu hakuna anayeifungua. Na zingatia: amri hiyo imekaa katika seva ya kampuni ya barua pepe, haimo ndani ya kompyuta ya mapokezi. Mwenye nywila angeweza kuiweka akiwa popote.

Mdadisi_K:
Kisa nimekiamini. Lakini nisieleweke vibaya: amri hii haimsafishi kijana, kama ambavyo .14 haimtii hatiani. Watu wanne walikuwa na nywila, na mmoja wao ni wewe.

WakiliMstaafu:
Ni sawa kabisa. Ndiyo maana ukurasa wa pili hauwezi kutiwa sahihi na mtu ambaye naye ni miongoni mwa wanne. Na usikubali kusimamia kazi za mapokezi hadi kijana asikilizwe. Nawataja pia watu wa Uingereza: kati ya 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa vituo vidogo vya posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kwa kutegemea programu ya hesabu iitwayo Horizon, na wengi walikuwa wameambiwa kwamba programu haikosei. Mwezi wa Desemba 2019 mahakama kuu ilisema kwamba ilikuwa na kasoro. Hukumu zilifutwa kwa mamia kwa sheria ya 2024, na baadhi yao walikuwa wameshafariki.

KaraniWaCasuarina:
Nimekwenda kwa mwenye hoteli baada ya alasiri. Nimemwambia kwa adabu kwamba ukurasa wa kwanza ninausimamia, wa pili sitautia sahihi, na mapokezi sitayachukua. Hakunijibu, ila amechukua picha ya ile amri na kusema atamwita kijana Jumatatu aeleze upande wake. Meneja msaidizi anataka tuifute amri usiku huu. Tuifute?

FundiWaBarani:
Msiifute kwanza. Piga picha ya ukurasa mzima, anwani ya nje ikionekana. Omba kampuni ya barua pepe kumbukumbu za kuingia kwa kipindi chote wanachohifadhi. Badilisheni nywila, toeni vifaa vyote vilivyoingia, washeni uthibitisho wa hatua mbili, kila mtu awe na akaunti yake, ndipo muifute. Kisha fungueni folda ya RSS mtazame ni wageni gani wengine barua zao zimo humo. Wapigieni simu kwa nambari zilizo katika fomu zao za zamani, si zile zilizo chini ya barua pepe.

KaraniWaCasuarina:
Tumeifungua. Kuna wageni wengine watatu, na mmoja ametakiwa kulipa kesho asubuhi. Namtafuta sasa hivi.