Kidonda kimefunga chenyewe, kipimo cha kaswende hakikuonyesha kitu. Niko salama?

Mleta uzi: Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita nilitokwa na kidonda kwenye uume, kigumu pembeni, hakiumi wala hakiwashi. Nikawahi zahanati, nikapimwa kaswende, nikaambiwa sina. Sasa kidonda kimefunga bila dawa yoyote. Ina maana kinga ya mwili imemaliza kazi? Nina mchumba, tuko kwenye mipango ya harusi.

Chuma Chakavu: Mkuu kama kimepona tulia. Piga tangawizi na limau, mwili una askari wake.

Nesi wa Zamu: Chuma, usimpoteze mwenzio. Kinga imefanya kazi kweli, ila pale pale kwenye kidonda tu: seli T, askari wa kinga, huziita makrofaji, seli nyingine za kinga, nazo humeza bakteria. Ndiyo maana kidonda hufunga ndani ya wiki 3 hadi 6 hata usipotibiwa. Lakini treponema, yaani bakteria wa kaswende, hawangoji. Kabla kidonda hakijatokeza, wengine wameshaingia kwenye mitoki na damu. Ganda lao la nje lina protini chache mno, kinga haioni pa kuwashika, na mojawapo, TprK, wanaibadilisha badilisha. Hao waliobaki ndio huleta vipele viganjani na kwenye nyayo baadaye.

Kuhusu kipimo: RPR (kipimo cha damu cha kaswende) na vile vya haraka hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na mdudu, sio mdudu mwenyewe. Ukipima kidonda kikiwa kichanga, kingamwili zinaweza kuwa bado hazitoshi kuonekana. Rudi upime tena, na ueleze habari ya kidonda hata kama hakipo. VVU pia upime.

Mama Wawili: Na mchumba aende. Akishika mimba, kaswende inavuka kondo hadi kwa mtoto. Hili sio la kuficha, kaka.

Mleta uzi: Asante dada zangu. Nikishatibiwa, mwili si utakuwa umeshaijua? Sitaipata tena?

Nesi wa Zamu: Utaipata vizuri tu. TPHA, kipimo kingine cha kingamwili za kaswende, inaweza kubaki chanya maisha yako yote, lakini kingamwili hizo hazikulindi. Hatua ya mwanzo dawa ni benzathini penisilini, uniti milioni 2.4 kwenye makalio, mara moja. Kama una mzio wa penisilini sema kabla. Ukipata homa na kutetemeka usiku wake usiseme dawa imekukataa. Bakteria wakifa kwa mkupuo kinga hushtuka, na hali hiyo hupita ndani ya siku moja hivi.

Chuma Chakavu: Hiyo sindano usiende na bodaboda, kurudi utasimama.