Naomba ushauri: mtoto anabandua plasta ya jicho

Habari za jioni ndugu zangu. Mwanangu wa miaka 6 haoni vizuri jicho la kushoto. Daktari hapa Moshi amempa miwani, akaagiza tuzibe jicho lililo zima, la kulia, kwa saa 2 kila siku ili ubongo ulazimike kulitumia lile dhaifu. Nimesoma kuhusu wanasayansi Hubel na Wiesel, waliopata Nobel mwaka 1981: waliziba jicho la mtoto wa paka, seli za ubongo zikalisahau, zikafuata lililobaki wazi. Tangu hapo usingizi sipati. Plasta anaibandua, inaondoka na kope. Nimemshonea kipande cha kitenge kwenye miwani, anachungulia pembeni. Mliopitia haya, mlimzuiaje mtoto asichungulie? Na kuna aliyeanza akiwa mkubwa zaidi, akaona?