Mbwa akimrarua mtu, tupige marufuku aina yake au tumbane mwenye mbwa?

Mleta mada:

Wakuu, kila Pit Bull au Rottweiler anapomrarua mtu mtaani, watu wa aina mbili hawakosekani. Wa kwanza anataka mbwa hao wapigwe marufuku nchi nzima. Wa pili, ambaye mara nyingi anao wawili nyumbani, anasema hakuna mbwa mbaya, kuna mfugaji mbaya. Wa pili kasema kweli, ila akiambiwa aulipie huo ukweli anaruka. Kama ubaya ni wa mfugaji, basi mfugaji alipe.

Nianze na marufuku, kwa sababu Waingereza wameijaribu. Sheria yao ya 1991 ilitaja aina nne: Pit Bull Terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Miaka thelathini na kitu baadaye gumzo likawa XL Bully, ambaye hakuwemo kwenye orodha hiyo. Naye akaongezwa: tangu Februari 1, 2024, England na Wales ni kosa kuwa naye bila cheti cha msamaha. Unamtambuaje? Kwa umbo, na kwa futi: dume awe na sentimita 51 au zaidi kutoka ardhini hadi begani. Hebu fikirieni askari wetu akimpima mbwa aliyekasirika! Lakini someni masharti ya kile cheti: mbwa ahasiwe, awekewe chipu, akitoka nje afungwe mdomo na ashikwe kwa kamba, na mwenyewe akate bima ya kumlipa atakayeumizwa. Masharti yote hayo anabebeshwa mwenye mbwa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Afrika Kusini. Mwanamume mmoja wa kazi za mikono alikuwa akipita barabarani huko Jeffreys Bay, mbwa watatu wakatoka kwenye nyumba ya mtu wakamvamia. Aliumia hadi mkono ukakatwa. Mwenye mbwa akajitetea kwamba geti alikuwa amelifunga, na kwamba lazima kuna mtu aliyeingia akalivunja. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Rufani ya huko ilimkatalia. Haikumwambia kwamba alizembea. Ilichosema, kwa lugha yetu, ni kwamba mbwa ni wako, umemweka kwa faida yako, na mpita njia hana kosa lolote, kwa hiyo hasara ni yako.

Kwetu je? Sheria haikosekani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 233, inasema ni kosa kutochukua tahadhari juu ya hatari inayoweza kutokana na mnyama uliye naye. Kenya ni kifungu cha 243, na maneno karibu ni yale yale. Kwenye madai ya fidia ndipo penye shida. Kanuni tuliyorithi kwa Waingereza inamtaka aliyeng'atwa aonyeshe ama uzembe, ama kwamba mwenye mbwa alijua mbwa wake ni mkali. Hapo ndipo utamsikia mtu aliyefuga Boerboel la kilo sitini akiapa: "Huyu ni mpole kabisa, analala na watoto, sijui leo kapatwa na nini." Na getini kwake kuna bati la rangi nyekundu: MBWA MKALI. Kwa maoni yangu lile bati halimkingi. Ni maandishi yake mwenyewe kwamba alijua.

Jambo jingine ambalo hatulisemi: tajiri ananunua mbwa, lakini anayeishi naye ni mlinzi. Mlinzi ndiye anayempikia dona na dagaa, anamfungia bandani mchana kutwa, saa nne usiku anamfungulia. Alfajiri mbwa yuko nje ya geti wakati watoto wanawahi shule. Likitokea la kutokea, polisi wanaondoka na mlinzi, na bosi "yuko safarini".

Kwa hiyo hoja yangu: anayelipa awe mwenye mbwa, uzembe uthibitike au usithibitike, na mlinzi asitumike kuwa ngao. Karibuni, mnipinge.

Mchangiaji:

Mkuu umeandika vizuri, ila hiyo ni haki ya wenye nafasi. Mama anayeuza vitumbua aking'atwa, wakili atamtoa wapi? Ataitwa kwa mjumbe, atapewa elfu hamsini ya dawa, atasainishwa kwamba yameisha. Marufuku angalau polisi anaielewa, haihitaji wakili. Halafu usifananishe mbwa koko na Pit Bull. Koko anang'ata na kukimbia, yule mwingine akishika haachii.

Mchangiaji mwingine:

Swali dogo tu. Mwizi akiruka ukuta wangu saa nane usiku akang'atwa, nimlipe?

Mleta mada:

Wa mwizi nimjibu haraka: hapana. Hata huko Afrika Kusini aliyeingia mahali pasipo haki, au aliyemchokoza mbwa, hana madai kwa kanuni hiyo. Ugomvi wangu ni juu ya watu wa barabarani na wanaobisha hodi.

Wa mama wa vitumbua amenibana. Kesi peke yake haitamsaidia, nakubali, ndiyo maana ile bima ya Waingereza naitaka hapa. Gari haliingii barabarani bila angalau bima ndogo; mbwa wa kilo arobaini na kuendelea naye asitoke getini bila bima. Kipimo kiwe uzito, mizani haibishani na mtu kuhusu ukoo wa mbwa. Hapo nimekupa nusu ya hoja yako, kwamba nguvu za mbwa si kitu cha kupuuza.

Ila usimdharau koko. Kichaa cha mbwa hakichagui mbwa wa bei, na WHO inasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu yanatoka kwa mbwa. Marufuku ya Pit Bull haimgusi yule wa jirani ambaye bwana mifugo hajawahi kumwona. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali. Na pale kwa mjumbe, kabla ya mtu kusainishwa chochote, mwenye mbwa atoe cheti cha chanjo mezani na pesa ya sindano zote, mpaka ya mwisho. Tukikubaliana hilo tu, elfu hamsini haitamaliza kesi tena.