Soksi ya goti inanibana na maumivu yako palepale

FundiNguo:
Wakuu, habari za leo. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 46, nashonea ghorofa ya tatu Kariakoo na lifti hakuna. Goti la kulia linauma mbele, hapo kwenye pia. Kupanda ngazi nahimili, kushuka ndiyo kazi. Nimenunua soksi ya goti kwa machinga, lakini ikifika saa nane mchana mguu umevimba chini na vidole vina ganzi. Jirani anasema nifungwe plasta kama wachezaji mpira. Kuna aliyewahi?

TibaViungo:
Pole sana dada. Hiyo soksi ivue sasa hivi. Uvimbe usipopungua, au kigimbi kikiuma, nenda hospitali leo leo, isije ikawa damu imeganda kwenye mshipa. Kisha chukua futi yako ya kazini, pima mzunguko wa mguu juu ya goti na chini yake, ulinganishe na boksi.

Plasta nafunga kila wiki, ndiyo kazi yangu. Natanguliza laini ya kulinda ngozi, halafu ile ngumu isiyovutika: inaanzia ukingo wa nje wa pia na kuivuta kuelekea ndani. Njia hii aliianzisha Jenny McConnell wa Australia miaka ya 1980. Mgonjwa nampandisha kijingazi na kumshusha kabla na baada. Maumivu yakiwa yaleyale, naibandua na kufunga upya. Ila plasta inakununulia nafuu tu ili uweze kufanya mazoezi. Misuli ya paja na nyonga ndiyo italibeba goti.

MzeeWaTanga:
Binti yangu, mimi gegedu la goti, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, limelika upande wa ndani, mguu umepinda. Nilipewa kifaa chenye vyuma pembeni, kinausogeza uzito upande wa nje. Nakwenda nacho msikitini na kurudi, kulala navua. Usinunue kama changu kabla hujapimwa, ugonjwa wetu si mmoja.

FundiNguo:
Asanteni, shikamoo mzee. Nimeivua, uvimbe umeisha. Juu ya goti nina sentimita 52, boksi inaishia 44! Muuzaji aliniambia "inavutika tu mama". Je, cherehani ya kukanyaga niache?

TibaViungo:
Usiache, ndiyo riziki. Pandisha stuli goti lisikunjike sana, na kila nusu saa simama unyooshe mguu. Jumatatu nenda kitengo cha fiziotherapia, hospitali ya mkoa iliyo karibu nawe, uvae gauni linalopanda juu ya goti.